Kiangazi cha Wifi na Karanga Pori

Juni 9

Wifi amefika leo asubuhi na sanduku moja, gunia moja, na mdomo wake. Nilikuwa kibarazani nashona kola za mashati ya shule. Nikasikia lango linalia, lile alilolichomelea marehemu mume wangu kwa mikono yake, nikainua macho: dada yake huyo, anakuja huku analiburuta gunia kama mtu aliyekamata mwizi.

"Hodi sipigi," akasema. "Kwa kaka yangu sipigi hodi."

"Karibu, wifi yangu." Nikacheka kwa meno tu, macho hayakushiriki.

Ndivyo tulivyoishi miaka yote ya ndoa yangu. Tukikutana arusini na misibani tunasalimiana vizuri, kisha kila mmoja anakwenda kumsema mwenzake kwake. Siku ya arusi yangu aliwaambia shangazi zangu kwamba kaka yake ameoa sindano isiyo na uzi. Nililisikia neno lile, na masikio hayana mlango.

Sasa barabara mpya inapita juu ya nyumba yao ya zamani. Ndimo walimozaliwa wote wawili, na yeye aliishi humo peke yake tangu wazazi wao walipofariki. Mwanawe wa pekee yuko mbali kwenye kazi ya ujenzi, bado hajapata nyumba ya kumweka mama yake. Amesema atamchukua mvua zikianza. Mvua! Na zilizopita ndiyo kwanza zimekatika.

Nimempa chumba cha binti yangu, aliyekwisha olewa. Gunia amekataa lisiingizwe ndani. "Liache kivulini, lipate hewa," akasema. Nikadhani kaleta kuku.

Juni 10

Si kuku. Ni udongo na mizizi, na vijani vidogo vya mviringo vilivyolegea kama vina homa.

"Karanga pori," wifi akasema.

"Zinazaa karanga?"

"Hazizai cha kutia mdomoni. Zinatambaa, zinafunika ardhi, zinatoa ua la njano. Mama alizipanda mbele ya nyumba kabla kaka hajazaliwa. Alikuwa akiziita kifunika-aibu."

"Aibu ya nani?"

"Ya uwanja ulio uchi. Kama huu wako."

Uwanja wangu ni kweli uko uchi. Marehemu alichomelea vyuma hapo tangu tulipohamia, madirisha, milango, vitanda, na ardhi ikanywa mafuta na majivu mpaka majani yakaacha hata kujaribu. Tangu alipotutoka, miaka mitatu sasa, hapajaguswa na mtu. Mvua ikinyesha ni tope mpaka mlangoni. Kiangazi ni vumbi, na vumbi ndilo adui wa riziki yangu: shati jeupe linaingia kwenye cherehani likiwa jeupe, linatoka na rangi ya chai. Nimenyunyiza maji, nimetandika magunia, nimening'iniza mapazia. Vumbi linabisha hodi kuliko wifi.

"Hata hivyo," nikamwambia, "kiangazi ndio kinaanza. Nani anapanda kiangazi?"

"Tingatinga halisubiri msimu," akajibu. "Nikiziacha kule zinafukiwa. Zikifa hapa, basi zimefia mikononi mwa watu."

Nikaenda kutafuta jembe.

Juni 12

Tumeanza kuvunja ardhi, kati ya lango na kibaraza. Jembe linaruka kama limegonga jiwe. Tukachukua sululu ya marehemu. Kila tunapochimba tunatoa chuma: vipande vya nondo, misumari, vijiti vya kuchomelea vilivyokwisha.

Wifi akaokota bawaba iliyoliwa na kutu. "Hii ya nini?"

Nikaitambua. "Ya mlango wa zahanati. Alipima vibaya, mlango ukatoka mfupi, paka wakawa wanapita chini. Daktari akaja hapa na hasira, na mume wangu badala ya kuomba radhi akamwambia, 'Daktari, nao ni wagonjwa.'"

Wifi alicheka mpaka akaketi chini kwenye vumbi. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, kwa tumbo zima.

"Kobe huyo huyo," akasema akifuta machozi.

"Nani?"

"Kobe. Hukujua? Utotoni tulimwita Kobe. Akigombezwa anaingiza kichwa ndani ya shati, anabaki amesimama hivyo hivyo mpaka mama ashindwe, acheke."

Nimeishi naye nusu ya umri wangu na jina hilo sikupata kulisikia. Lakini shati lile nalijua. Hata utu uzimani, tukigombana, alikuwa akivuta kola juu mpaka puani. Nami nilidhani ni baridi.

Juni 13

Mgongo. Basi.

Juni 15

Tumepanda. Wifi ndiye msimamizi, mimi kibarua. Anachagua kipande chenye mizizi, urefu wa shibiri, anakilaza kwenye mfereji usio na kina, anaacha kichwa nje. Mimi nafukia, yeye anafukua tena.

"Wifi, unazika maiti? Kifunike kama mtoto, kione nje."

Tukashindilia udongo kwa viganja, tukamwagia maji, tukatandaza nyasi kavu juu ili jua lisinywe unyevu wote. Nikauliza kama tutie mbolea ya dukani. Akaniangalia kama nimetukana mkwe. "Hizi ni jamii ya kunde. Zinajipikia chakula chao kwenye mizizi, na mabaki zinaupa udongo. Ukizinenepesha unanenepesha magugu."

Eneo lenyewe ni kama mkeka mkubwa tu. Uwanja uliobaki bado jangwa.

Juni 21

Tumegombana juu ya maji. Maji ya kusuuzia vitambaa niliyaweka kando nipigie deki. Kurudi, ndoo tupu, na karanga zake zimelowa. Nikamwambia humu ndani kuna mwenye nyumba. Akajibu, "Naam, na jina lake liko kwenye jiwe makaburini."

Sikula naye.

Juni 22

Asubuhi nimekuta kibaraza kimepigwa deki na ndoo zangu zote zimejaa. Tumekunywa chai.

Julai 3

Palizi. Magugu yanaota haraka kuliko kilichopandwa. Ndivyo dunia ilivyo. Wifi anang'oa kwa vidole viwili, polepole, anafuata mzizi mpaka mwisho. Anasema mwaka wa kwanza karanga pori ni mgeni mwenye haya, anakaa pembeni, anaangalia watu. Ukimwachia magugu yamsonge, hatokei tena. Ukimlinda, siku moja utakuta amekalia kiti chako.

Nikamwambia mgeni wa namna hiyo ninaye tayari ndani ya nyumba.

"Na bado," akasema.

Julai 11

Majani mapya! Madogo, ya kijani kisichokolea, mawili mawili. Mchana jua likizidi yanajikunja kama viganja vya mtu anayeomba dua, jioni yanafunguka. Niliacha mashine nikainama kuyatazama, na wateja wawili wakanikuta nimeweka makalio juu mbele ya lango. Wifi akawaambia fundi anatafuta sindano.

Julai 20

Mbuzi! Jirani yetu wa nyuma, yule tunayemwita Baba Mbuzi, kaacha wanyama wake wazurure, wakapita penye uzio uliolegea. Nilikuwa nimekwenda kununua uzi. Wifi alikuwa amelala. Kurudi, mbuzi watatu wanatafuna mkeka wetu kwa adabu kabisa, kama waalikwa.

Nilipiga ukelele mpaka sauti ikakauka. Nilivua kiatu nikamrushia beberu, kikamkosa, kikaingia kwa Baba Mbuzi. Akatoka amekishika.

"Mama fundi, kuna nini?"

"Mbuzi wako wamemaliza bustani ya marehemu!"

Ndivyo nilivyosema, bustani ya marehemu. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Marehemu hakuwahi kupanda hata kitunguu.

Wifi aliamka akaja, akatazama vikonyo vilivyobaki, nikangoja alipuke. Akachutama, akagusa ardhi. "Wamekula kichwa tu," akasema. "Mizizi ipo." Kisha akamgeukia Baba Mbuzi kwa upole ulionitisha. "Baba, mbuzi wako sasa ni shemeji zetu, wameshakula kwetu. Nasi tutakuja kuchukua samadi mpaka tuchoke. Na uzio utauziba wewe."

Aliuziba kabla jua halijazama. Kiatu changu alikirudisha kimepigwa brashi.

Agosti 2

Maji ya bomba yamekatika. Gari la maji linapita mara moja kwa wiki, likipenda.

Agosti 6

Vumbi. Mashati matatu nimeyafua upya kabla ya kuyakabidhi.

Agosti 13

Bado vumbi. Wifi ameweka sheria: hakuna tone litakalomwagwa bure. Tunanawa miguu juu ya karanga. Tunaosha mboga juu ya karanga. Jana mteja alikuja kupima gauni, wifi akampa maji ya kunywa, na alipobakisha kidogo gilasi ikanyang'anywa mkononi mwake, maji yakaenda kwenye mche wa pembeni. Mteja akauliza kama kuna mgonjwa.

"Wapo wengi," wifi akamwambia. "Huyo ndiye aliyezidiwa."

Agosti 19

Leo mchana hapakuwa na kazi. Joto lilikuwa limelala juu ya bati. Tulikaa kibarazani, mimi na mkasi, yeye na bakuli la maharage anachambua. Akaniuliza, bila kuniangalia: "Alikuwa mume wa namna gani?"

Nilishangaa. Watu huniuliza alikufaje. Huyo ni wa kwanza kuniuliza aliishije.

Nikamweleza. Kwamba alikuwa anaingia jikoni akinusa sufuria kabla ya kunisalimu. Kwamba binti yetu alipozaliwa alitengeneza kitanda cha chuma kizito, watu wanne walishindwa kukipitisha mlangoni, mtoto akakua kitanda kikiwa uwanjani, kuku wakitaga humo. Kwamba alikuwa na aibu ya kucheza ngoma mbele ya watu, lakini tukibaki wawili alinizungusha jikoni mpaka nikaunguza chakula.

Wifi alikuwa ameacha kuchambua. "Mimi nilimpoteza alipokuoa," akasema. "Alikuwa akija nyumbani amevaa shati ulilomshonea, ananiambia, 'Tazama mishono, dada.' Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa wazazi, naye ndiye aliyekuwa akinichekesha. Nilikuchukia mpaka vifungo ulivyoshona."

"Nilijua."

"Ulijua, ee." Akarudi kwenye maharage. Kisha akasema, "Mishono ilikuwa mizuri."

Nimekaa nikifikiri jioni yote. Yeye ana nusu yake ya kwanza, mimi nina nusu ya pili, na miaka yote kila mmoja alimnyima mwenzake.

Agosti 30

Majani yananyauka kingo. Wifi haongei sana.

Septemba 7

Naandika usiku huu huu, maana kesho nitakuwa nimekwisha kuyapanga maneno na hayatakuwa yenyewe.

Asubuhi mama wa dukani alipita akasema matingatinga yameanza kule barabara mpya, yanaangusha nyumba upande mmoja mpaka mwingine. Alisema kwa kupita tu, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nikatazama chumba cha wifi: mlango wazi, kitanda kimetandikwa, hayupo. Sululu nayo haipo.

Niliacha shati kwenye mashine, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Nikatoka na kandambili. Mtu wa bodaboda aliniuliza naenda wapi, nikamwambia fuata vumbi.

Nilikuwa sijafika kwao tangu msiba wa mama mkwe. Mtaa haukuwepo. Palikuwa na ardhi nyekundu iliyofunuliwa, matofali, mabati yaliyokunjwa kama karatasi, na choo kimoja kimesimama peke yake katikati, mlango umefungwa, kana kwamba kuna mtu ndani. Mbele kabisa tingatinga limezimwa, na dereva wake, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, amesimama na kofia mkononi. Mbele ya tingatinga, juu ya kifusi, ameketi wifi.

"Mama, ni ndugu yako?" dereva akaniuliza. "Nimemwambia hapa pana hatari. Anasema nimngoje amalize."

"Amalize nini?"

"Hajasema."

Nikapanda juu ya matofali. Kandambili moja ikakatika, nikaiacha. Wifi hakugeuka.

"Wifi."

"Nimechelewa," akasema. "Nilijua ni wiki ijayo. Nilikuja kuchukua karanga zilizobaki chini ya dirisha la mama. Dirisha silioni. Nimezunguka, nimezunguka. Mimi nimezaliwa hapa, wifi, nimezeeka hapa, na sioni dirisha lilikuwa wapi."

Hakuwa analia. Angelia ingekuwa nafuu. Alikuwa ameshika sululu mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine.

Mimi ni mshonaji. Kitu kikichanika, natafuta pindo. Nikatazama chini nikaona mstari wa saruji, msingi wa ukuta, umechungulia katikati ya kifusi. Nikasema, "Huu ulikuwa ukuta gani?"

Alitazama muda mrefu. "Wa sebuleni."

"Basi mlango ulikuwa wapi?"

Akanyanyuka. Akapiga hatua, akasimama. "Hapa. Mlango hapa." Akapiga hatua nyingine. "Hapa meza. Hapa kitanda cha wazee. Hapa," akasimama kwenye kona yenye upana wa mkeka mdogo, "hapa alilala Kobe. Miguu inatoka nje kwenye korido, kila apitaye anaikanyaga, naye haamki."

Nikaenda nikasimama pale. Sikujali dereva ananionaje. Nilisimama mahali alipolala mume wangu akiwa mtoto, na jua lilikuwa linapita moja kwa moja, maana hapakuwa na paa. Hapo ndipo mimi nililia. Wifi akaja akanishika kiuno, akaniacha nilie, kisha akasema, "Haya. Kama hapa ni kona ya Kobe, dirisha la mama ni hapo."

Tukaanza kutoa matofali kwa mikono. Dereva alituangalia kidogo, akatazama saa, akatazama barabara, akavaa kofia.

"Mnatafuta nini jamani? Dhahabu?"

"Majani," nikamwambia.

"Majani?"

"Aliyoyapanda mama yake."

Dereva akaiangalia saa tena. Akasema, "Wasimamizi wangu wanakuja baada ya chakula." Akapanda juu ya kifusi, akashika jiwe la msingi ambalo sisi wawili tusingelisogeza hata kwa maombi, akalipindua. Chini yake, zimelala bapa, zimepauka, zilikuwapo. Ardhi ilikuwa na unyevu chini ya lile jiwe. Wifi alichimba kwa sululu, kisha kwa vidole, akatoa bonge zima la mizizi, nene kuliko zote tulizopanda nyumbani. Akalifunga kwenye kilemba chake. Kichwa wazi, nywele nyeupe tupu. Sikujua ana mvi kiasi hicho.

Alipomshukuru dereva, alimwambia, "Mwanangu, endelea na kazi."

Hatukungoja tuone. Lakini tulisikia injini ikiwaka nyuma yetu, na wifi akaniambia, "Usigeuke." Sikugeuka. Tulitembea mpaka barabarani, mimi mguu mmoja peku, yeye amekumbatia bonge lake, na tulipofika kwenye kivuli cha ukuta akaniangalia miguu.

"Wifi, mbona una kandambili moja?"

"Nyingine imebaki kwenu."

"Basi umekwisha kuwa mtoto wa kule," akasema. Na hapo akalia.

Septemba 8

Tumepanda zile za jana mahali penye kivuli, chini ya kibaraza. Mteja wa shati la mkono mmoja amekuja. Nimempa chai.

Septemba 29

Kila kitu kimekuwa rangi ya ugoro. Karanga zimekauka juu kabisa, ukizigusa zinapukutika. Samadi ya shemeji mbuzi imekuwa unga. Zile za kivulini zina vijani vitatu vinne, vinavyosinzia.

Oktoba 10

Leo nilimwambia wifi tukubali yaishe, tufagie, tumwage kokoto. Alisema niende nikachimbe moja, yoyote, kisha nirudi niseme tena.

Nikaenda. Nilichagua iliyokauka kuliko zote, juu ilikuwa nyasi ya kuwashia moto. Nikafukua kwa ncha ya mkasi wangu mkuukuu. Chini palikuwa na mzizi mnene kama kidole, na nilipoukwaruza, ndani ulikuwa mweupe, una maji.

Nikaurudishia udongo. Nilirudi kibarazani nikakaa.

"Unasemaje?" akauliza.

"Kokoto ni ghali."

"Mm."

Oktoba 18

Mawingu. Yamepita.

Oktoba 21

Mawingu. Yamepita. Wifi ameyatukana matusi ambayo sikujua anayajua.

Oktoba 26

MVUA.

Oktoba 27

Ilianza jana mchana, matone makubwa, yanaacha mashimo kwenye vumbi. Kisha ikamwagika. Tulikimbia kuingiza mashati, tukasahau kujiingiza sisi. Wifi alisimama katikati ya uwanja ameinua uso, kilemba kimemganda kichwani, ananiita kwa sauti ya mtoto: "Njoo uone! Njoo uone!"

Nikaenda. Uwanja mzima ulikuwa umegeuka mto wa tope, unakimbilia langoni. Lakini pale kati ya lango na kibaraza, kwenye mkeka wetu uliokauka, maji yalikuwa yanaingia chini bila kuchukua kitu. Mizizi ilikuwa imeushika udongo. Maji yalitoka upande wa pili yakiwa safi. Tulisimama tumelowa kama kuku, tunatazama maji safi, wanawake wawili wazima.

Novemba 4

Kijani. Si hapa na pale, kila mahali. Vikonyo vinatambaa nje ya mpaka tuliochora, vinashika ardhi kwa vinyweleo kama mishono ya mkono.

Novemba 9

Ua la kwanza, la njano, dogo kuliko kifungo. Wifi alinivuta mkono mpaka pale. Kisha akaenda zake jikoni.

Novemba 12

Mama wa dukani ameomba vipando. Baba Mbuzi naye, eti kwa ajili ya mbuzi. Wateja wanaingia na viatu safi. Nimeshona gauni jeupe la bibi arusi kibarazani, mlango wazi, na halikuguswa hata na chembe moja.

Novemba 15

Mwanawe amekuja. Kijana mpole, mrefu, shingo ya mjomba wake. "Shikamoo, mkaza mjomba." Amepata nyumba hapa mjini, ghorofa ya nne, vyumba viwili, maji yapo. Anamshukuru sana mkaza mjomba kwa kumvumilia mama. Wifi alikuwa anakunja nguo zake, anazikunja vizuri mno, kila moja mara mbili.

Nilitaka kusema kitu. Nikampimia kijana suruali badala yake.

Langoni wifi alinipa mkono. Mkono! Kama wageni. "Palizi usisahau," akasema.

Novemba 16

Kimya.

Novemba 17

Nimepalilia. Nimesuuza vitambaa, nikamwaga maji mtaroni kwa makusudi, nikangoja mtu anifokee.

Novemba 20

Nimepika chakula cha watu wawili tena.

Novemba 23

Leo nilifunga mashine mapema nikaenda. Ngazi za ghorofa ya nne si mchezo. Nilifika juu nikiwa sina pumzi hata ya hodi. Mlango ulikuwa wazi. Wifi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika kibaraza chembamba, mbele yake kamba ya nguo, chini saruji.

Mwanawe akanipokea kwa furaha, akaniletea maji. Wifi alinitazama mpaka nilipoitua gilasi chini. Safari hii hakunyang'anya kilichobaki.

"Kuna nini huko?" akauliza.

"Magugu yananishinda."

"Ajiri mtu."

"Na mbuzi..."

"Uzio umezibwa, wifi. Niliukagua mwenyewe."

Nikatazama ile kamba ya nguo. Nguo zake zilikuwa zimeanikwa zimebanana, hazina pa kupepea. Nikasema, "Nyumba imenyamaza. Nashona, nainua kichwa nikuambie neno, nakuta ukuta. Rudi nyumbani."

Alikuwa anasugua kiganja kwa kidole gumba, pale sululu ilipomwachia sugu. "Nirudi kama nani?" akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kaka hayupo. Yeye ndiye aliyekuwa anatufunga. Nikija sasa ni mgeni, na mgeni anakaa mpaka mvua, basi."

"Yeye alitukutanisha," nikamwambia. "Hakuweza kutufunga, masikini, miaka yote ile. Mpaka alivuta shati puani akatuacha. Tumefungana wenyewe, mimi na wewe, mwaka huu, na kaka yako hakuwepo hata kushika ndoo."

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alimtazama mama yake, akaliweka sinia chini taratibu, akaingia ndani. Nikasikia sanduku linaburutwa kutoka chini ya kitanda.

Wifi alifuta uso kwa ncha ya nguo. Akatazama nje, chini kabisa, mahali watu walipokuwa wadogo kama punje, kisha akanitazama mimi.

"Ngoja nivae viatu," akasema.